Hati Iko kwa Nani? Juu ya Kazi ya Wadhamini wa Vituo vya Jamii



Nimeombwa nizungumze juu ya moyo wa kujitolea, na huenda walionialika walitarajia niwasifu wanaochangia damu, wanaofundisha watoto jioni bila malipo na wanaozibua mitaro kabla ya masika. Hao nawasifu wote. Lakini leo nimechagua aina ya kujitolea ambayo haipigwi picha, nayo ni kazi ya mdhamini wa kituo cha jamii. Nazungumzia ule ukumbi wa mtaa wenye bati lililoanza kushika kutu, chumba cha maktaba kilichofungwa kufuli, kiwanja cha mpira kwa nyuma, na watu watano au saba ambao majina yao yameandikwa mahali fulani kwamba wameishika mali hiyo kwa niaba yetu.

Nendeni kwenye ukumbi wowote wa namna hiyo mkaulize ulijengwaje. Mtahadithiwa mpaka mchoke: nani alitoa mchanga, mbunge gani alileta mabati, akina mama wa mtaa gani walisomba maji, siku ya ufunguzi nani alikata utepe. Kisha ulizeni: hati ya kiwanja hiki iko kwa nani? Hapo mazungumzo hupoa. Mmoja atasema iko kwa katibu wa zamani. Mwingine atasema ipo halmashauri. Wa tatu atakumbuka kwamba aliishika mzee fulani, Mungu amrehemu, na watoto wake sasa wako Mwanza.

Hoja yangu ni moja. Vituo vyetu vingi vinavyokufa haviuawi na ukata. Vinakufa kwa sababu hapakuwa na watu wachache wa kukaa na karatasi zake mwaka hadi mwaka, wakazisoma, wakaandika, wakahesabu, na ilipobidi wakasema hapana. Mfadhili anaweza kupatikana baada ya miaka kumi ya kusubiri. Kiwanja kikishauzwa, kimeuzwa.

Tumejenga sana

Udhamini si mgeni kwetu. Pwani, kabla ya sheria za Kiingereza, watu walikuwa wakiweka wakfu nyumba, visima na mashamba ya minazi. Mwenye mali alitamka kwamba mapato ya nyumba hii ni ya msikiti fulani au ya mafukara fulani, akamteua msimamizi, na kuanzia siku hiyo nyumba haikuuzwa, haikurithiwa, wala haikutolewa zawadi. Msimamizi aliishika bila kuimiliki. Mji Mkongwe wa Zanzibar una majengo mengi ya wakfu hadi leo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa ajili ya kuyasimamia. Kwa hiyo wazo kwamba mtu aweza kuwa na mamlaka juu ya mali bila kuwa na faida ndani yake, wazee wetu walilijua vizuri.

Kujenga kwa pamoja nako tunakujua. Upareni na Uchagani kuna msaragambo. Kenya kuna harambee, ambayo ilijenga shule na zahanati nyingi baada ya Uhuru. Hapa Dar es Salaam, African Association iliyoanzishwa mwaka 1929 ilijijengea nyumba yake mtaa wa New Street, ambao leo unaitwa Lumumba, kwa michango na nguvu za wanachama. Katika nyumba hiyo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hatua chache kutoka hapo, Mnazi Mmoja, kuna ukumbi ambao watu wa mjini wanauita Anatoglo, kwa jina la Mgiriki mfanyabiashara George Arnautoglu aliyetoa fedha za kuujenga. Ndani ya ukumbi huo ndimo ulimofanyika mkutano wa mwaka 1953 wa TAA, kama African Association ilivyokuja kuitwa, uliomchagua Julius Nyerere kuwa rais wa chama. Ukumbi wa jamii unapotunzwa, huwezi kujua mapema ni nani atakayesimama ndani yake.

Tulichokosa ni utunzaji unaoendelea baada ya mgeni rasmi kuondoka. Na historia haikutusaidia. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa nchini. Za mijini zilirudi mwaka 1978, za wilaya mwaka 1984. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Fikirieni maana yake kwa maghala, kumbi na nyumba zilizokuwa chini ya vyombo hivyo. Mwenyewe ameondolewa, makabati yamehamishwa, makarani wamehamishwa, na jengo limebaki limesimama bila mtu wa kuulizwa. Zaidi ya miaka thelathini baadaye serikali ilikuwa bado inafuatilia mali za chama kikuu kama cha Nyanza, nani aliziuza na kwa bei gani. Majengo yalikuwepo muda wote huo. Kilichokatika ni mfululizo wa watu wenye wajibu nayo.

Wenzetu wa Kenya waliona upande mwingine wa jambo hilihili. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ikaeleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Tume ilikadiria hati haramu kufikia 200,000 kati ya mwaka 1962 na 2002. Na Januari 2015, dunia iliona watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, wakipigwa mabomu ya machozi kwa kuandamana wakidai kiwanja chao cha michezo kilichozungushiwa ukuta. Mnyakuzi hafuati ardhi yenye hati kabatini na watu saba wanaoijua. Hufuata ile ambayo kila mtu anadhani kuna mwingine anayeilinda.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara tuna Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Inasimamiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu. Wengi mnaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Dirisha jingine la ofisi hiyohiyo ndilo linalosajili bodi za wadhamini.

Kwa nini tusumbuke nayo? Kwa sababu kikundi cha watu, hata kikiwa na katiba nzuri na fulana za rangi moja, peke yake si mtu mbele ya sheria. Wanachama mia mbili hawawezi wote kuandikwa kwenye hati ya kiwanja. Mkimwandika mwenyekiti kwa jina lake, akifariki kiwanja kitaingia kwenye mirathi, na mtaanza kugombana na wajane na mayatima ambao kwa haki yao wanaona jina la baba yao kwenye karatasi. Bodi iliyosajiliwa inatibu hilo. Inakuwa na uhai wake yenyewe, ina lakiri yake, inaweza kumiliki ardhi, kushitaki na kushitakiwa, na haifi wadhamini wanapokufa. Wanaingia wengine, RITA inaarifiwa, maisha yanaendelea.

Sharti ndilo hilo: iarifiwe. Bodi nyingi husajiliwa kwa shangwe, cheti kikawekewa fremu na kutundikwa ukutani, kisha hakuna tena anayepeleka taarifa za mwaka wala mabadiliko ya majina. Baada ya miaka kumi na tano, kwenye kumbukumbu za serikali wadhamini ni watu saba, na wanne kati yao wako makaburini. Siku mnayotaka kufungua akaunti mpya au kudai fidia ya barabara iliyokata kiwanja, ndipo mnagundua kwamba hakuna aliye hai mwenye uwezo wa kutia saini.

Msidhani haya ni ya vikundi vidogo tu. Katika mgogoro wa chama cha CUF uliofika mahakamani miaka ya 2016 hadi 2019, moja ya hoja kubwa ilikuwa wadhamini halali ni akina nani. Klabu zetu mbili za Kariakoo, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, zina wadhamini, na kila inapofika zamu ya kujadili mabadiliko ya mfumo, swali la nani ameshika mali za klabu huwatoa watu jasho kuliko swali la usajili wa mshambuliaji.

Na juu ya yote hayo iko Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na imekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Tunachomwomba mzee wa ukumbi wa mtaa akifanye kwenye ekari moja ndicho ambacho sheria inamtaka Rais akifanye kwa nchi nzima: ashike kisicho chake.

Kikao kimoja

Niwaeleze kikao kimoja nilichokuwemo, kituo nisikitaje. Ilikuwa Jumapili alasiri. Tulikuwa tumepita yatokanayo, tumesikia taarifa ya mweka hazina, tumebishana kuhusu kunyonya choo. Tukafika kwenye mengineyo, ambapo watu huwa wameshashika funguo za pikipiki. Katibu akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki: "Bwana mwenyekiti, kuna ndugu yetu mmoja anataka kutusaidia."

Ulikuwa mchoro wa fremu kumi za maduka, zikitazama barabara. Mfanyabiashara atajenga kwa fedha zake, sisi hatutoi hata senti. Yeye atakusanya kodi kwa miaka 15, kisha atatukabidhi fremu zote. Nyuso zikachangamka. Mwenyekiti alikuwa tayari anatafuta kalamu.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole: "Bwana mwenyekiti, hati yetu inasema kiwanja hiki ni cha matumizi gani?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Kikao kikaahirishwa wiki mbili, na hilo lilikuwa jambo jema kuliko yote yaliyofanyika siku ile. Tulipokutana tena, hati ilikuwa mezani: matumizi, huduma za jamii. Maduka yangehitaji kibali cha kubadili matumizi kutoka mamlaka ya mipango miji, na mchoro wenyewe, ulipopimwa kutoka kwenye bikoni, ulikuwa unameza kona nzima ya kiwanja cha watoto.

Mwalimu akauliza la pili: "Kati yetu hapa, kuna mwenye uhusiano na ndugu huyu?" Kimya kidogo. Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ni shemeji yangu." Mwenyekiti akamwomba apumzike nje wakati jambo linajadiliwa. Akatoka bila kununa, na katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba ametangaza uhusiano na ametoka. Hakuna aliyemwita mwizi, maana hakuwa mwizi. Kuwa na shemeji si kosa. Kosa lingekuwa kupiga kura ukiwa na shemeji mfukoni.

Swali la tatu lilikuwa la hesabu. Fremu moja mtaani pale ilikuwa ikipangishwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Fremu kumi ni milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka, milioni 180 kwa miaka 15. Fundi tuliyenaye kwenye kikundi alikadiria ujenzi ungegharimu kama milioni 45. Maana yake, msaada ule ungejilipa kabla ya mwaka wa nne kwisha, na miaka 11 iliyobaki ingekuwa zawadi yetu kwa aliyekuja kutusaidia.

Tukakataa, kwa barua ya heshima. Nje watu walisema wadhamini wanazuia maendeleo, na wengine wanasema hivyo mpaka sasa. Mdhamini lazima awe na ngozi ya kuyavumilia hayo, kwa sababu faida ya kukataa kwake haionekani. Kona ya kiwanja iliyobaki kama ilivyokuwa haimshangazi mpita njia.

Fedha ndogo ndogo

Baada ya ardhi, kinachoangusha vituo ni fedha, na mara nyingi si fedha za mfadhili. Ni fedha za Jumamosi.

Ukumbi wa jamii unaishi kwa kukodishwa: harusi, kitchen party, mikutano ya siasa wakati wa kampeni. Na ukumbi huohuo unatakiwa uwahudumie wasio na fedha: kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki, wazee, watoto wa mazoezi ya ngoma, watu wa msiba siku ya mvua. Ukiwapa wote bure, umeme utakatika na bati halitabadilishwa. Ukiwatoza wote bei ya harusi, umegeuka ukumbi wa biashara uliojengwa kwa mchanga wa wananchi. Hakuna sheria ya RITA itakayowatatulia hilo. Ni wadhamini wenyewe wakae waandike: siku zipi ni za kukodisha, zipi za jamii, nani anasamehewa malipo na kwa idhini ya nani. Iandikwe na ibandikwe ukutani, ili mtunza ukumbi asibaki anabuni bei kwa kumtazama mtu viatu.

Malipo nayo yanapita wapi? Zamani tulihangaika na vitabu vya stakabadhi. Leo mteja anauliza, "nitume namba gani?" na anapewa namba ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwaminifu, sina shaka. Lakini fedha za ukumbi zikichanganyika na za ada za wanawe, mwisho wa mwezi hata yeye mwenyewe hajui ipi ni ipi, na siku akifa laini yake inafungwa na salio likiwa ndani. Sajilini lipa namba kwa jina la kituo. Akaunti ya benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja, na wasiwe mume na mke. Mweka hazina alete taarifa kila kikao, hata kama ni ya nusu ukurasa. Mara moja kwa mwaka mtu wa nje akague hesabu na wanachama wasomewe. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ipo kodi ya pango la ardhi. Ni ya kila mwaka, na kwa viwanja vingi si kubwa. Lakini isipolipwa, deni linakua, na kutolipa ni kuvunja masharti ya hati, jambo linaloweza kufikia hati kufutwa. Stakabadhi ya kodi hiyo ingepaswa kuwa ajenda ya kudumu ya kikao cha kwanza cha mwaka.

Nani awe mdhamini

Tunapochagua wadhamini tunapenda majina: diwani mstaafu, mfanyabiashara, padri, imamu. Majina yana kazi yake, hasa siku ya kubisha hodi ofisini. Lakini bodi ya majina matupu haipati akidi, kwa sababu kila mmoja ana vikao vingine saba. Ndani ya watu saba mtafuteni mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua ujenzi, mmoja anayesoma sheria bila kuogopa, na angalau wawili wanaoutumia ukumbi wenyewe kila wiki. Mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anajua bomba linalovuja kabla ya mtu yeyote. Kijana wa timu anajua jirani aliyesogeza uzio. Na vijana wasiitwe tu kupanga viti: anayeanza udhamini akiwa na miaka 28 ana miaka mingi ya kukumbuka.

Wengine wanauliza: kwa nini tufanye bure? Nauli irudishwe, hilo ni haki, maana tusiporudisha nauli tutabaki na wadhamini wenye magari tu. Lakini posho nene inageuza kiti kuwa kitu cha kugombewa, na anayekigombea kwa fedha hatakiachia kwa hiari. Uingereza, ambako sheria yetu hii ina asili yake, wadhamini wengi wa taasisi za hisani hawalipwi. Toynbee Hall, kituo cha jamii mashariki mwa London kilichoanzishwa mwaka 1884, kipo hadi leo. Vizazi vya wadhamini vimepokezana pale, na wengi wao hakuna anayewakumbuka kwa majina. Lakini wasiolipwa hawakosi wajibu: anayetumia mali ya amana kinyume na madhumuni yake anaweza kudaiwa yeye mwenyewe, awe analipwa au halipwi.

Kuliko yote, mdhamini mwema anajulikana kwa kuondoka. Katiba iweke muda, tuseme miaka mitatu, na mtu arudie mara moja tu. Wasitoke wote mwaka mmoja, ili wanaobaki wawafundishe wanaoingia. Na anayetoka akabidhi kwa maandishi: hati, cheti cha usajili, lakiri, vitabu vya mihtasari, funguo. Nakala za kila karatasi ziwe sehemu mbili tofauti. Kituo ambacho kumbukumbu zake zote zimo kwenye kabati la nyumbani kwa mtu mmoja, hata awe mtakatifu, kiko hatarini kila anapopata homa.

Ndugu zangu, sijaja kuwaomba mchango wa saruji. Kila mmoja wenu, ninavyojua, ana ukumbi, kiwanja au maktaba moja mahali anapoishi. Katika mkutano ujao nyoosheni mkono muulize mambo matatu: hati iko kwa nani, majina yaliyoko RITA ni ya watu walio hai, na kodi ya ardhi ya mwaka huu imelipwa? Mkijibiwa vizuri, washukuruni wadhamini wenu hadharani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuwashukuru. Mkikosa majibu, basi msikae chini. Jitoleeni mkayatafute, na mkishayapata mtakuwa mmeshaanza kazi yenyewe.